Maswali ya Wasomaji: Idadi ya Watu na Mipaka ya Miji Midogo ya Marekani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaoandika makala, wanaofundisha jiografia na wanaochambua takwimu za miji na kaunti ndogo za Marekani. Tumechagua zile zinazowasumbua wengi.

SWALI: Ndugu Mhariri, naandika makala fupifupi kuhusu miji midogo ya Nebraska. Kila nikitafuta idadi ya watu wa mji mmoja napata tarakimu tatu zisizofanana, na zote zinasemekana kutoka Ofisi ya Sensa ya Marekani. Nishike ipi?

JIBU: Zote tatu zinaweza kuwa halali, maana kila moja inapima kitu chake. Ya kwanza ni ya sensa yenyewe. Sensa hufanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na siku hizi tarehe ya kuhesabia ni 1 Aprili. Ile ya 2020 ilipata watu 331,449,281 katika majimbo 50 pamoja na Wilaya ya Columbia.

Ya pili ni makadirio ya kila mwaka, ambayo hutolewa kwa tarehe 1 Julai. Huanza na msingi unaotokana na sensa, wakaongezwa waliozaliwa, wakatolewa waliofariki, kisha wakakisiwa waliohamia na waliohama. Hapo kuna jambo ambalo waandishi wengi hawalijui: kwa mji mdogo, hesabu hiyo haifanyiki mjini hapo. Hufanyika kwa kaunti nzima, halafu watu wa kaunti hugawanywa kwa miji yake kwa kutazama idadi ya nyumba. Kwa hiyo, kijiji kilichobomolewa nyumba kumi bila rekodi kufika Ofisi ya Sensa kitaendelea kupewa watu wa nyumba hizo kila mwaka hadi sensa ijayo.

Ya tatu ni ya utafiti wa sampuli unaojulikana kwa herufi ACS. Kwa maeneo yenye watu 65,000 na zaidi, utafiti huu hutoa matokeo ya mwaka mmoja. Miji midogo yote hupata matokeo ya miaka mitano iliyounganishwa tu, na kila tarakimu huandamana na kiasi cha makosa. Tuseme umekuta watu 210, na pembeni pameandikwa 65 juu au chini. Maana yake ni kwamba idadi inakisiwa kuwa kati ya 145 na 275, kwa uhakika wa asilimia 90. Tarakimu ya namna hiyo haifai kabisa kuandikwa kuwa ndiyo idadi ya watu wa mji.

Fanya hivi. Ukitaka idadi ya watu, tumia sensa, na uandike mwaka wake. Ukitaka hali ya karibuni, tumia makadirio, useme wazi kuwa ni makadirio ya Julai ya mwaka fulani. ACS iache kwa mambo ambayo sensa haiulizi: kipato, elimu, lugha ya nyumbani, muda wa kwenda kazini. Na ukilinganisha ACS mbili, chukua vipindi visivyogongana, kwa mfano 2014–2018 na 2019–2023. Anayelinganisha 2018–2022 na 2019–2023 analinganisha majibu ambayo kwa miaka minne kati ya mitano ni yale yale.

SWALI: Nimesoma kwamba Monowi, Nebraska, ina mtu mmoja tu. Lakini jedwali la sensa ya 2020 linaonyesha wawili. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea. Sensa ya 2010 ilihesabu mkazi 1, na mwaka 2020 mji ulikuwa bado na mkazi huyo mmoja. Wawili walitokea kwa sababu Ofisi ya Sensa, kabla ya kuchapisha, huvuruga kidogo makusudi tarakimu za maeneo madogo. Sheria inaikataza kutoa taarifa inayoweza kumtambulisha mtu, na katika mji wa mtu mmoja, kutaja umri na asili ya wakazi ni sawa na kumtaja kwa jina. Tunaunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, hata kama unatuongezea kazi.

Jumla ya watu wa jimbo haiguswi. Idadi ya nyumba katika kila kitalu cha sensa, yaani kipande kidogo kabisa cha ramani ya sensa, nayo haiguswi. Vingine vyote, kuanzia kaunti kushuka chini, vimetiwa mvurugo. Kwenye kaunti ya watu 20,000 hutauona. Kwenye kitalu kimoja unaweza kukuta vioja, kwa mfano watu waliohesabiwa mahali pasipo na nyumba hata moja. Dawa yake ni kuunganisha: usichambue kitalu kimoja kimoja, vikusanye vingi, maana makosa ya juu na ya chini hupunguzana vinapojumlishwa. Na kwa mji wa watu chini ya mia moja, usijenge hoja juu ya tofauti ya watu wawili watatu kati ya 2010 na 2020.

SWALI: Nimejumlisha watu wa miji yote ya kaunti moja, jumla ikawa ndogo kuliko ya kaunti. Kaunti nyingine, ya jimbo la New York, jumla ikazidi ya kaunti! Hesabu yangu nimeirudia mara kadhaa.

JIBU: Hesabu yako ni nzima. Kilichokupotosha ni kudhani kuwa kaunti ya Marekani hugawanyika yote kuwa miji. Katika majimbo mengi haigawanyiki hivyo. Mji wenye hati ya manispaa ni kisiwa ndani ya kaunti, na nje ya mipaka yake wako watu wengi wasio wa mji wowote, ambao polisi wao ni sherifu na barabara zao hutunzwa na kaunti. Hao ndio waliokupungukia. Kaunti ya Arlington, Virginia, haina manispaa hata moja ndani yake, ilhali ni eneo la mjini kabisa.

Ofisi ya Sensa huchora pia mipaka ya kitakwimu kuzunguka makazi yasiyo na hati, ikiyatambua kwa herufi CDP. Maeneo hayo hayana meya wala bajeti, ila yana jina na idadi ya watu. Usidhani yote ni vijiji. Paradise, Nevada, ilikuwa na watu 191,238 mwaka 2020, na sehemu kubwa ya hoteli na kasino ambazo dunia inaziita za Las Vegas ziko Paradise, nje ya mpaka wa jiji. Barua za huko huandikwa Las Vegas kwa sababu anwani hufuata ofisi ya posta. Nambari za posta, yaani ZIP, zilianza 1963 kwa ajili ya njia za wasambaza barua, na hazijali mpaka wa mji wala wa kaunti. Ukikuta mtu amekadiria watu wa mji kwa kujumlisha ZIP, iweke kando kazi hiyo.

Sasa New York. Huko ardhi yote ya kaunti, ukiondoa majiji na maeneo ya hifadhi ya Wahindi Wekundu, imegawanywa kuwa tauni, yaani maeneo ya serikali za mitaa yaliyo chini ya kaunti. Ndani ya tauni hukaa vijiji vyenye hati zao, na mkazi wa kijiji ni mkazi wa tauni pia. Ukijumlisha tauni na vijiji, umemhesabu mara mbili. Jumlisha majiji na tauni, vijiji viache. Wisconsin pia ina tauni, lakini kule kijiji kinachopata hati hujitenga na tauni, kwa hiyo kanuni ya New York usiihamishie Wisconsin. Kila jimbo lina sheria yake ya serikali za mitaa, na hiyo ndiyo ya kusoma kwanza.

Mitego mingine miwili. Mji unaweza kukaa juu ya mpaka: Wisconsin Dells imo ndani ya kaunti nne, yaani Adams, Columbia, Juneau na Sauk, na jedwali la kila kaunti litakuonyesha kipande chake tu. Na Virginia ina majiji 38 ambayo hayamo katika kaunti yoyote. Jiji hilo hata likizungukwa pande zote na kaunti yenye jina hilo hilo, watu wake hawahesabiwi humo.

SWALI: Kwa nini kaunti za Iowa zimekaa kama vigae vya sakafuni, na za mashariki zimepindapinda? Na barabara za kule mashambani zinazokunja ghafla bila mlima wala mto, zinakunja kwa nini?

JIBU: Mashariki mipaka ilifuata mito, vilima na mashamba ya walowezi wa mwanzo. Kuanzia Ohio kuelekea magharibi, sehemu kubwa ya ardhi ilipimwa kabla ya kugawiwa watu, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya 1785. Wapimaji waliikata kuwa miraba ya maili 6 kwa 6, inayoitwa taunishipu, na kila taunishipu ikakatwa kuwa seksheni 36 za maili moja kwa moja. Seksheni moja ni ekari 640. Robo yake ni ekari 160, kipimo kile kile ambacho sheria ya mashamba ya 1862 ilimpa mlowezi. Iowa ina kaunti 99, na nyingi zimejengwa kwa taunishipu 16, nne kwa nne, yaani maili 24 kila upande.

Anayetaka kusoma hati ya zamani ya shamba ajue jinsi seksheni zinavyohesabiwa. Namba 1 iko pembe ya kaskazini mashariki. Unahesabu kwenda magharibi hadi 6, unashuka hatua moja kwenye 7, unarudi mashariki hadi 12, unashuka tena kwenye 13, unaelekea magharibi, hivyo hivyo mpaka 36 pembe ya kusini mashariki. Kosa la kawaida ni kuanza kila safu upande ule ule, kama mtu anayesoma kitabu. Ukifanya hivyo, seksheni 7 utaitafuta mashariki, kumbe iko magharibi, maili tano kutoka ulipo. Maelezo ya shamba yasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo: kwanza taunishipu, kisha seksheni, kisha robo, kisha robo ya robo. Seksheni 16 ilitengwa kwa ajili ya shule.

Sasa hizo kona za barabara. Mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana kadiri unavyoelekea ncha ya dunia, kwa hiyo miraba sawa haiwezi kuendelea kupangwa bila kuanza kupishana. Wapimaji waliweka mistari ya masahihisho kila baada ya umbali fulani, na juu ya mstari huo wakapima upya maili kamili. Barabara iliyofuata mpaka wa seksheni ikifika hapo haikutani na mwenzake, hukunja mita kadhaa mashariki au magharibi, kisha huendelea. Ndani ya taunishipu, upungufu na ziada vilisukumwa kwenye safu ya kaskazini na ya magharibi. Ndiyo maana seksheni 1 hadi 6, pamoja na 7, 18, 19, 30 na 31, mara nyingi hazitimii ekari 640 au huzizidi. Usizidishe tu idadi ya seksheni kwa 640 kupata eneo la taunishipu. Tafuta eneo lililopimwa.

SWALI: Msongamano wa Kaunti ya Keweenaw, Michigan, nimeupata 0.13 kwa kilomita ya mraba. Mwenzangu amepata 1.46. Sote tumetumia watu 2,046 wa sensa ya 2020.

JIBU: Mwenzako ndiye mwenye jibu. Wewe umegawanya kwa eneo lote, maili za mraba 5,966, ambazo sehemu yake kubwa ni maji ya Ziwa Superior. Nchi kavu ni maili za mraba 540 tu. Zidisha kwa 2.59 upate kilomita za mraba 1,399 hivi, kisha ugawanye watu kwa hizo. Msongamano wa watu siku zote hupimwa kwa nchi kavu. Katika mafaili ya Ofisi ya Sensa safu ya nchi kavu huitwa ALAND na ya maji AWATER, zote kwa mita za mraba. Gawanya kwa 1,000,000 upate kilomita.

SWALI: Kaunti ya Forest, Pennsylvania, ilikuwa na watu 4,946 mwaka 2000 na 7,716 mwaka 2010. Ni kiwanda gani kilijengwa porini huko?

JIBU: Si kiwanda, ni gereza la jimbo, lililofunguliwa mwaka 2004. Sensa humhesabu mtu pale anapoishi na kulala siku nyingi, na mfungwa analala gerezani. Wakazi wa kaunti hawakuongezeka kwa maelfu, wala maduka hayakupata wateja wapya wa idadi hiyo. Mwaka 2020 kaunti ilihesabiwa watu 6,973. Mabweni ya vyuo na kambi za jeshi hufanya vivyo hivyo. Parokia (ndivyo kaunti zinavyoitwa Louisiana) ya West Feliciana, ambako liko gereza kubwa la Angola, ni mfano mwingine.

Kuligundua ni rahisi. Angalia uwiano wa jinsia: kaunti ya mashambani ambayo wanaume wanawazidi wanawake kwa mbali, hasa wa miaka 20 hadi 50, ina gereza au kambi ya kazi. Kisha fungua jedwali la wanaoishi katika makazi ya pamoja, utoe idadi yao, ndipo ukokotoe ongezeko. Usipowatoa, hata kipato cha wastani kwa kichwa kitakudanganya.

SWALI: Je, ni kweli kwamba Marekani ya mashambani inakwisha watu?

JIBU: Si yote, na kupungua kwenyewe hakutokani na sababu moja. Kati ya 2010 na 2020 zaidi ya nusu ya kaunti zote zilipoteza watu. Nyanda Kuu, kuanzia Dakota mbili kushuka hadi Texas, ni miongoni mwa zilizoumia zaidi, na chanzo ni cha zamani. Zilijazwa kwa mashamba ya ekari 160, familia moja kila robo ya seksheni. Trekta na mashine za kuvunia zilipokuja, familia moja ikaweza kulima ardhi ya familia nyingi. Jirani akauza, akaondoka. Watoto wakapungua, shule zikaunganishwa, na mji uliopoteza shule hupoteza pia sababu ya wazazi vijana kukaa. Wanaobaki ni wazee, mpaka vifo vinazidi vizazi. Kufikia hapo, kaunti hupungua hata kama hakuna anayehama, na hali hiyo ni ngumu mno kuigeuza.

Kinyume chake ni mafuta. Kaunti ya McKenzie, North Dakota, ilitoka watu 6,360 mwaka 2010 ikafika 14,704 mwaka 2020, ongezeko la asilimia 131, kwa sababu ya uchimbaji kwenye miamba ya Bakken. Lakini mafuta hayaleti wakazi kila mahali. Kaunti ya Loving, Texas, iko juu ya hifadhi tajiri ya mafuta, na sensa ya 2020 iliipa watu 64, wachache kuliko kaunti nyingine yoyote ya Marekani. Mwaka 1940 walikuwa 285. Wafanyakazi wengi hukaa huko kwa zamu, na kama makazi yao ya kawaida yako kwingine, huko ndiko wanakohesabiwa.

Ogopa asilimia kwenye kaunti za namna hii. Loving ilishuka kutoka 82 hadi 64, asilimia 22, na tarakimu hiyo inatisha ukiiona kwenye ramani iliyopakwa rangi nyekundu. Ni watu 18. Andika idadi yenyewe pamoja na asilimia, kila mara.

Kuhusu neno "mashambani", angalia limepimwaje. Sensa ya 2020 ilipandisha kiwango cha eneo kuitwa la mjini kutoka watu 2,500 hadi watu 5,000 au nyumba 2,000. Miji mingi midogo ilihamia upande wa mashambani siku hiyo bila kupoteza mtu. Kipimo kingine hufuata kaunti nzima. Kaunti ya San Bernardino, California, yenye zaidi ya kilomita za mraba 50,000, imo yote katika eneo la jiji kuu kwa kipimo hicho, jangwa la Mojave likiwemo. Takwimu za vipimo hivi viwili zisichanganywe katika aya moja.

SWALI: Nikiunganisha majedwali mawili ya kaunti kwenye kompyuta, California inapotea yote na Connecticut haioani. Jina la kaunti nalo halisaidii.

JIBU: Jina usilitumie kabisa kuunganishia, jina Washington pekee limebebwa na kaunti 30 na parokia moja. Tumia nambari ya FIPS, yaani nambari rasmi ya serikali kwa kila kaunti: tarakimu 2 za jimbo na 3 za kaunti. Los Angeles ni 06037. Programu ya majedwali ikiisoma kama hesabu, hufuta sifuri ya mbele, ikabaki 6037, nayo hailingani na chochote. Majimbo yanayoanza na sifuri ni Alabama, Alaska, Arizona, Arkansas, California, Colorado na Connecticut. Kabla ya kufungua faili, iambie programu kuwa safu hiyo ni maandishi. Kama sifuri zimekwisha kupotea, zirudishe kwa kujaza hadi tarakimu 5.

Connecticut ni tatizo jingine. Kuanzia takwimu za 2022, kaunti zake 8 za zamani zimeachwa, na mahali pake pana kanda 9 za mipango, nambari 09110 hadi 09190, zenye mipaka tofauti. Hakuna jedwali la kubadilisha moja kwa moja. Shuka hadi tauni 169 za jimbo hilo, ujumlishe upya kwa mipaka unayoitaka.

Angalia pia zilizobadilika jina. Dade, Florida, ilipokuwa Miami-Dade, 12025 ikawa 12086. Kaunti ya Shannon, South Dakota, iliitwa Oglala Lakota mwaka 2015, na 46113 ikawa 46102. Jiji la Bedford, Virginia, 51515, lilirudi ndani ya Kaunti ya Bedford mwaka 2013. Broomfield, Colorado, haikuwapo kabla ya Novemba 2001. Ilimegwa kutoka kaunti nne, kwa hiyo ukichora mfululizo wa miaka ya nyuma wa Adams, Boulder, Jefferson au Weld, weka alama pale mpaka ulipobadilika.

SWALI: Makao makuu ya kaunti huwa ndio mji mkubwa kuliko yote?

JIBU: La. Huwa ndipo ilipo mahakama ya kaunti na ofisi za rekodi za ardhi, basi. Mentone, makao makuu ya Loving, si hata manispaa. Na Kaunti ya Lee, Iowa, ina makao makuu mawili, Fort Madison na Keokuk, kwa hiyo anayejaza jedwali la makao makuu ya Iowa atapata miji 100 kwa kaunti 99, na asiifute hata mmoja.